Siweki sahihi: duka la babu na jengo la mabahili

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama bado niko hai au baridi ya huku imenimaliza. Niko hai, baridi ilijaribu ikashindwa. Kilichonifunga mdomo ni bahasha.

Bahasha hiyo aliniletea jamaa aliyetoka Tanga mwezi wa pili, pamoja na dagaa wa Mama na kanga za mke wangu. Ndani mna makubaliano ya kurasa saba. Yanasema sisi warithi wa marehemu babu tumekubali duka libomolewe, kiwanja kijengwe jengo la ghorofa nane, mjenzi atupe ghorofa mbili na yeye achukue sita. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna mistari minane ya sahihi. Saba imejaa. Uliobaki ni wangu.

Wameweka na picha. Jengo la kioo cha buluu kutoka chini mpaka juu, mbele yake minazi ambayo haipo, magari ambayo hatuna, na watu waliochorwa wakipita kando ni Wazungu watupu. Tanga, katikati ya mji, hatua chache kutoka sokoni! Nilimwonyesha mke wangu, akauliza, "Sasa sisi tutakuwa tunapita wapi?"

Niliomba wiki mbili za kufikiri, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kaka mkubwa alinipigia, simu ikaisha vibaya. Alisema nimekuwa mtalii kwenye mji wangu mwenyewe, napenda vitu vya kale kwa sababu sivilali. Shangazi naye akachukua simu akalia. Sikupata nafasi ya kumaliza sentensi hata moja. Ndiyo maana naandika hapa, mbele ya ukoo mzima na majirani, mahali ambapo hakuna wa kunikatia maneno.

Kaka alisema neno moja ambalo limenikaa kichwani: "Huko kwenu Marekani wanabomoa kila siku, ndiyo maana wameendelea." Haya bwana. Tuzungumzie huko kwetu Marekani basi.

Mnajua nilianza huku kwa kubeba boksi kama wenzangu wote. Miaka minne nilisafisha ofisi usiku katikati ya Chicago, nikimwaga vikapu vya taka vya watu nisiowaona. Baadaye nikasomea viyoyozi na boila, na mpaka leo mimi ni fundi wa mitambo katika jengo moja refu la kioo. Kwa hiyo sizungumzi kama mtu aliyesoma kitabu cha majengo. Nazungumza kama mtu anayeitwa saa nane usiku jengo linapougua.

Treni inanishusha kituo cha Jackson kabla hakujapambazuka. Nikipanda ngazi na kutokea barabarani, pale Jackson inapokutana na Dearborn, kinachosimama mbele yangu ni jengo la matofali ya rangi ya zambarau iliyokaribia kahawia, ghorofa 16, linaitwa Monadnock. Halina nguzo wala sanamu, halina hata ua moja lililochongwa ukutani. Ukuta unaanza mnene chini, unajipinda kidogo kuingia ndani juu ya ghorofa ya kwanza, unapanda wima, halafu kule juu kabisa unajikunjua nje taratibu kama mdomo wa mtungi. Pembe zake hazikukatwa kali, zimelainishwa, na walifinyanga matofali ya umbo maalumu ili mikunjo hiyo itoke bila kona. Katikati ya kuta madirisha yametokeza nje kwa mafungu, yanapanda ghorofa juu ya ghorofa kama mawimbi. Basi. Hakuna kingine. Na kwa miaka yote hii sijawahi kupita pale bila kuinua kichwa.

Nusu ya kaskazini ilimalizika mwaka 1891. Mwaka huo, Kaka, Tanga ilikuwa ndiyo kwanza imeingia mikononi mwa Wajerumani. Mpaka leo jengo hili linapangishwa na linalipa kodi. Chini kuna maduka madogo madogo, na juu ni ofisi za watu wa kawaida, mawakili wa chumba kimoja, wachora ramani na kadhalika. Nimewahi kusimama mle ndani nikitazama kofia dirishani huku nasubiri mvua ikatike. Halikufanywa makumbusho. Hakuna kiingilio wala mtu wa kukueleza historia kwa nguvu. Ni jengo la biashara lililozeeka likiwa kazini.

Sasa nataka kuwaambia nani walilijenga, kwa sababu hapa ndipo Kaka anaponikosea anaposema mapenzi ya majengo ya kale ni starehe ya matajiri wenye roho laini. Walioweka pesa ni ndugu wawili wa Boston, Peter na Shepherd Brooks. Walikuwa mabahili. Nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu hata babu yetu alikuwa bahili na ndiyo maana tuna cha kugombania. Ndugu hawa walikaa mbali na Chicago, wakala wao Owen Aldis akiwasimamia, na Peter akituma barua za maagizo. Moja ya maagizo yake ni kwamba asitokezewe na mapambo ukutani. Kila kinachotokeza, aliandika, kinakusanya uchafu, hakiongezi nguvu ya jengo, na njiwa na shomoro watakigeuza makao. Mtu anajenga jengo kubwa namna ile na anawaza kinyesi cha njiwa!

Mchoraji alikuwa John Wellborn Root, wa kampuni ya Burnham na Root. Huyu alipenda mapambo, michoro yake ya mwanzo ilikuwa nayo. Inasimuliwa kwamba mwenzake Burnham alitengeneza mchoro mtupu usio na chochote wakati Root hayupo ofisini, na Root aliporudi alikasirika, kisha akakaa nao, akautazama, akakubali kwamba uzito ule mtupu unaweza kupendeza peke yake, kama milango mikubwa ya mahekalu ya Misri ya kale. Akaacha mapambo, akashughulika na mkunjo wa ukuta. Alikufa kwa nimonia Januari 1891, akiwa na miaka 41, jengo likiwa halijakamilika.

Kwa hiyo uzuri wa lile jengo ulitoka kwenye hesabu za mwenye nyumba asiyetaka kulipa mtu wa kufuta vumbi. Kwa nini madirisha yametokeza nje? Kwa sababu yanaongeza nafasi ya kupangisha na yanaingiza mwanga pande tatu. Kwa nini jengo ni jembamba, upana wa futi 66 tu? Kwa sababu ukumbi mmoja unapita katikati na kila ofisi, upande huu na ule, inapata dirisha lake la nje. Ofisi isiyo na mwanga ilikuwa haipati mpangaji, taa za enzi hizo zilikuwa hafifu. Hata kuta za ndani zinazotenga ofisi na ukumbi ziliwekewa vioo vyenye ukungu, ili mwanga uliokwisha kumhudumia karani uendelee mpaka ukumbini ukamhudumie mpita njia. Bure. Ngazi nazo ziko wazi, chini ya kioo cha paa, na mwanga unashuka nazo. Ngazi hizo zina alumini, wakati ule madini ya anasa, na inasemekana ni mara ya kwanza alumini kutumika kujengea nyumba. Mahali pa mkono na mguu hawakubania. Walibania pale tu ambapo pesa ingeliwa na njiwa.

Mtu akiniambia kwamba kulinda jengo la namna hii ni kulinda urembo, namwona hajaelewa anachokitazama.

Tuhamie kwenye kioo, maana ndicho mnachotaka kunisainisha.

Jengo ninalolihudumia lina kioo kutoka sakafu hadi dari na madirisha hayafunguki. Hata moja. Waliolichora waliamini mashine itapumua badala ya watu. Siku mashine iko mzima, ni raha. Kuna Julai moja mtambo wa kupozea ulikufa saa tatu asubuhi. Kufika saa sita mchana upande wa kusini ulikuwa tanuri. Watu wa ghorofa za juu waliteremka na mabegi yao, wengine wamevua viatu, mama mmoja mjamzito ilibidi abebwe kwenye kiti. Hapakuwa na dirisha la kufungua. Mimi na mwenzangu tulikuwa kwenye chumba cha mitambo mpaka usiku wa manane, na sikumbuki siku nyingine niliyoomba dua kwa ajili ya pampu. Na hii ni Chicago, mji ambao jua kali ni miezi mitatu tu na umeme haukatiki ovyo.

Sasa lichukueni jengo hilo mlipande Tanga. Mwezi wa pili, unyevu unatoka baharini, jua linakaa kwenye kioo kuanzia asubuhi. Kiyoyozi kila chumba, na siku umeme ukikatika, jenereta. Nani atalipa dizeli? Kwenye yale makubaliano, ukurasa wa tano, imeandikwa kwamba gharama za uendeshaji zitagawanywa kwa wenye ghorofa. Someni tena ukurasa wa tano. Ghorofa zetu mbili ni za saba na ya nane, zile zinazooka kwanza na ambazo lifti ikifa hazifikiki. Zile za chini zenye maduka yanayoingiza pesa kila siku kachukua yeye. Mnaona alivyo mwerevu? Simlaumu. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Namshangaa Kaka, mtu aliyekaa kwenye lile duka miaka thelathini na anajua kwamba pesa ya mjini huingia kwa mlango ulio usawa wa barabara.

Nimekwisha sikia jibu lenu. Mtasema Wamarekani wenyewe ndio walioanza vioo. Ni kweli, na walilipia. Chicago imebomoa kuliko miji mingi. Jengo la Home Insurance la mwaka 1885, ambalo wengi huliita ghorofa ndefu ya kwanza duniani kwa sababu ya fremu yake ya chuma, lilibomolewa mwaka 1931. Garrick, jumba la michezo lenye ofisi juu yake, kazi ya Adler na Sullivan ya mwaka 1892, lilibomolewa mwaka 1961. Badala yake kilijengwa nini? Gereji ya kuegesha magari. Mnataka kujua maendeleo yaliyokuja pale, ndiyo hayo, magari yamepata pa kulala.

Kisha likaja Soko la Hisa, la Adler na Sullivan pia, la mwaka 1894. Lilibomolewa mwaka 1972. Kulikuwa na mpiga picha mmoja, Richard Nickel, aliyekuwa akizunguka mjini akipiga picha majengo yanayokufa na kuokoa vipande vya mapambo kwa mikono yake. Aprili mwaka huo aliingia kwenye magofu ya Soko la Hisa kuokoa alichoweza, sehemu ya jengo ikamwangukia. Mwili wake ulipatikana baada ya wiki kadhaa. Leo tao la mlango wa lile Soko limesimama nje ya jumba la makumbusho ya sanaa, Art Institute, peke yake kwenye majani, mlango usio na nyumba. Ndani ya makumbusho wameujenga upya ukumbi wa wafanyabiashara kwa vipande vilivyookolewa. Nilimpeleka mwanangu wa kwanza kuuona. Aliuliza kwa nini hawakuliacha tu lilipokuwa. Ana miaka tisa. Nilikosa jibu la kumpa mtoto ambalo halimtukani mtu.

Sitaki mfikiri nasema kila kipya ni kibaya. Ng'ambo ya barabara kutoka Monadnock kulikuwa na jengo la serikali lenye kuba kubwa, lilikamilika mwaka 1905, likabomolewa mwaka 1965, na mahali pake wakajenga majengo ya chuma na kioo meusi ya Mies van der Rohe. Hayo nayo ni kazi nzuri, nasema kwa kinywa changu, yamepangwa kwa akili na uwanja wake una nafasi ya mtu kupumua. Lakini serikali ya Marekani ina pesa za kuyahudumia. Sisi tuna nani?

Wala sisemi Monadnock halina makosa. Kosa lake kubwa liko kwenye zile kuta. Kuta za nusu ya kaskazini ndizo zinazobeba jengo, tofali juu ya tofali, na ili zibebe ghorofa 16 ilibidi chini ziwe na unene wa futi sita. Futi sita! Hiyo ni nafasi ya maduka iliyoliwa na matofali, kwenye ghorofa yenye kodi kubwa kuliko zote. Tena udongo wa Chicago ni mfinyanzi laini. Root alilaza chini matabaka ya vyuma ndani ya zege, yakitawanya uzito kama sinia, na akakadiria kwamba jengo litazama inchi nane hivi. Lilipita hapo. Kufikia mwaka 1948 lilikuwa limeshazama inchi 20, yaani nusu mita. Kwa hiyo ndugu wale mabahili walipoongeza nusu ya kusini, iliyomalizika mwaka 1893 na wachoraji wengine, Holabird na Roche, walihamia kwenye fremu ya chuma. Jengo moja, nusu mbili, na mtu akisimama upande wa Dearborn anaweza kuona ujenzi wa zamani ukiukabidhi ujenzi mpya kijiti. Walibadilika pale hesabu ilipowaambia wabadilike. Ila nusu ya kwanza hawakuibomoa kwa sababu ya aibu ya kupitwa na wakati. Iliendelea kulipa.

Na kuna wakati lilichoka. Mwaka 1938 wenyewe walijaribu kulifanya la kisasa, wakafunika na kupaka yale waliyoyaona ya kizamani, na miaka iliyofuata ikaongeza tabaka juu ya tabaka. Kufikia mwisho wa miaka ya 70 lilikuwa jengo la bei rahisi, chafu, lenye vyumba vitupu, la kusema "hili libomolewe tu." Yaani hali aliyonieleza Kaka kuhusu duka la babu, neno kwa neno. Mwaka 1979 likanunuliwa na Bill Donnell na wenzake. Hapa nawaomba msome polepole. Hawakulifunga jengo zima na kukopa mlima wa pesa. Walitengeneza kidogo kidogo, sehemu moja, kisha nyingine, huku wapangaji wengine wakiendelea kulipa kodi. Ilichukua kama miaka 13. Chini ya sakafu zilizobandikwa baadaye walikuta mosaiki ya zamani, kwingine wakaitengeneza upya. Milango na vioo vya ukungu vikarudi. Wapangaji wakaongezeka kwa sababu watu walikuwa tayari kulipa ili wakae mahali penye mwanga.

Miaka 13. Kaka ananiambia mjenzi atamaliza kwa miezi 18. Sawa, tuseme atamaliza. Na akiishia ghorofa ya tatu? Nyote mnayajua magofu ya namna hiyo, nondo zimechomoza juu zinaota kutu na mbuzi wamelala chini. Wala sitaki kuwatisha, lakini Machi 29 mwaka 2013 jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka likaua watu 36. Novemba 16 mwaka 2024 likaanguka lingine Kariakoo, na zaidi ya watu 20 wakafa, wengi wafanyabiashara waliokuwa kwenye maduka yao. Hayo yalikuwa mapya kuliko duka la babu kwa miaka mingi sana.

Baba Mdogo atanijibu kwa Beit al-Ajaib, namjua. Ni kweli Baba. Jumba lile la Unguja, la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka Desemba 25 mwaka 2020, tena likiwa kwenye ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Ya kale nayo huanguka. Huanguka maji yakiachwa yaingie ukutani mwaka baada ya mwaka, mpaka anapokuja fundi mzigo umeshamzidi. Ndiyo maana nakuuliza wewe, si Kaka, kwa sababu ulikuwa ukipanda darini na babu: lile bati la upande wa nyuma lilibadilishwa lini mara ya mwisho? Nakumbuka mimi nikiwa darasa la sita tuliweka ndoo. Kama ndoo bado ipo, basi tatizo letu ni bati. Kumbe tunataka kubomoa nyumba nzima kwa sababu ya bati.

Hebu litazameni lile duka kwa macho ya hawa mabahili wa Boston. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukiingia saa saba mchana unahisi ubaridi kabla macho hayajazoea giza. Huo ubaridi watu wa fani yangu wanauuza kwa bei kubwa. Dari iko juu, hewa ya moto inapanda inakuacha wewe chini salama. Boriti za mikoko, ambazo mchwa wameshindwa nazo tangu kabla baba hajazaliwa. Baraza mbele, ambayo mvua ikinyesha inajaa watu, na mtu aliyejikinga mvua mbele ya duka mwishowe hununua kitu, babu alikuwa akisema hivyo na kucheka. Milango minne ya mbao inayokunjwa, kwa hiyo wapangaji wanne, kila mmoja ana mlango wake wa barabarani. Juu vyumba sita, kila kimoja na dirisha la upepo wa bahari. Babu hakumwita mchoraji wala hakuwa na habari za Chicago. Lakini akili ni ileile: jengo jembamba, mwanga kila chumba, maduka chini, pasipo na kitu cha kufuta vumbi.

Halafu tunaambiwa tulibadilishe kwa ghorofa mbili za juani.

Sasa nakuja kwenye jambo gumu, ambalo Shangazi alilia kwa ajili yake, na ambalo kwenye simu nilijibu kama mpumbavu. Pesa. Shangazi ana watoto wawili chuoni. Dada ana matibabu. Mjenzi anatoa kishika mkono siku ya kusaini, na mimi niliye mbali na mshahara wa kila mwezi ni rahisi kuwaambia wasubiri. Hilo ni kweli na linaniuma. Mtu anayekula akiwaambia wasiokula habari za matofali ya zambarau anastahili kutukanwa. Shangazi, nisamehe kwa nilivyosema siku ile.

Lakini kishika mkono kinaliwa mara moja, na mwaka wa pili ada ni ileile. Kodi za milango minne na vyumba sita ziko wapi? Nauliza kwa adabu, Kaka, nauliza mbele ya watu kwa sababu faraghani ulikata simu. Vyumba viwili vya juu ni vitupu tangu alipohama yule fundi cherehani, na mlango wa tatu umekuwa stoo ya magodoro ya rafiki yako ambaye, nimeambiwa, halipi. Kabla hatujasema jengo halilipi, tuwatoe kwanza wasiolipa.

Pendekezo langu ni hili, na mjibu pendekezo, msijibu ughaibuni wangu. Bati la nyuma nalipa mimi, lote, kabla ya masika. Magodoro yatoke. Kodi ya mlango wa tatu iende kwa Shangazi moja kwa moja mpaka watoto wamalize chuo, isipite kwa mtu. Kodi ya vyumba vya juu itengeneze chumba kinachofuata, kimoja kimoja, chokaa kwa chokaa na si saruji, kwa sababu saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta wa matumbawe na kuuozesha. Fundi mzee wa chokaa mnamjua, yupo, tena jirani. Baada ya miaka mitano kama bado mnataka kioo, niiteni, nitakuja na kalamu yangu.

Nimepata likizo ya wiki tatu mwezi wa kumi na mbili. Bahasha nakuja nayo mwenyewe, haijaandikwa kitu. Siku ya kwanza baada ya chai nataka mimi, Kaka na Baba Mdogo tupande darini na tochi, tuangalie boriti moja moja. Na mtu yeyote asimruhusu yule mjenzi kuchukua ile milango ya mbao "kwa ajili ya kuipima", nimesikia ameshaulizia.

Mama, dagaa wamefika salama. Wamezidi chumvi kidogo, lakini wameisha.